Kumfundisha Fidele Kutema

Mjukuu wangu akienda kupiga mswaki, namfuata. Yeye anafikiri namsimamia, kwa sababu nimefundisha shule miaka mingi na katika nyumba hii hakuna anayeamini kwamba naweza kusimama mahali bila kusimamia. Ukweli ni kwamba nakwenda kunusa. Siku hizi dawa za meno zina rangi na harufu za kila aina, hata ya stroberi, tunda ambalo sijawahi kuliona likiota hapa Kisangani. Lakini ile nyeupe ya zamani, yenye mnanaa mkali, kifuniko kikifunguliwa tu najikuta ng'ambo ya kushoto ya mto, Lubunga, nyuma ya nyumba yetu, nimechuchumaa kwenye jiwe la kufulia. Nina miaka tisa. Mbele yangu amesimama mtoto wa miaka miwili na nusu, mdomo umejaa povu. Ananitazama machoni, halafu anameza.

Kisa hiki sijawahi kumsimulia mtu chote. Wanangu wanakijua kipande cha kuchekesha, kile cha Madamazeli, na hukidai kila sikukuu nyama ikichelewa kuiva. Kipande kingine nimekaa nacho mwenyewe. Nawapa ninyi kwa sababu hamnijui, wala hamtaniuliza maswali mezani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Wazungu walipouita mji huu kwa jina lao na sisi tukaendelea kuuita Kisangani. Baba yetu, Papa, alifanya kazi kwenye treni ya Ubundu. Aliondoka asubuhi na kofia yake, akalala huko, akarudi kesho yake, au keshokutwa kama mizigo ya meli ilikuwa haijafika. Mama alifariki mdogo wangu Fidele akiwa hajajua kukaa. Aliyetuokoa ni Koko, yaani bibi, mzaa mama, aliyepanda mto kutoka Isangi na kikapu kimoja cha nguo na vitatu vya samaki wa kukausha. Alikaa nasi karibu miaka miwili. Aliponda ndizi za lituma mpaka zikawa laini hata Fidele asiye na meno akala, akanisuka nywele kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda, na kila asubuhi akanisukuma mlangoni niende shule ya masista.

Koko alikuwa na sheria nyingi kuhusu mdomo. Usiongee huku unatafuna. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Na kubwa kuliko zote, mtoto hatemi mate. Mtoto akitema mate mbele ya watu, ametukana. Fidele alipoanza kuota meno na udenda kumtiririka, akijaribu tu kuchezesha midomo, kidole cha Koko kilikuwa kimeshafika na kumgonga taratibu. Mate yalikuwa mali ya wakubwa, na wakubwa wenyewe hawakuyatupa ovyo. Mkubwa akitaka kukubariki, alikushika mkono, akaugeuza kiganja juu, akapulizia mate kidogo, pfu, pfu, akasema maneno yake polepole, kisha akakufunga vidole kimoja kimoja. Koko alitubariki tukiwa na homa, tukiwa na safari, na siku nyingine kwa sababu tu alitukuta tumenuna. Najua mtasema vijidudu. Sisi tulinyoosha mikono.

Kisha tonton wetu wa Isangi, kaka yake mama, akavunjika mguu, na hakuwa na mtu wa kumuuguza. Koko akafunga kikapu. Tulimsindikiza mpaka ufukoni ambako mitumbwi mikubwa ya Isangi ilikuwa ikipakia. Alituahidi kwamba mguu ukipona atarudi, akatubariki mmoja mmoja, akakaa katikati ya magunia akiwa ametupa mgongo. Fidele alirudi nyumbani ngumi ya kulia imefungwa. Alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo Koko angelipigia kelele, na hakuifungua ngumi mpaka usingizi ulipomfungulia. Mguu wa tonton ulichukua muda mrefu kupona, na Koko hakurudi.

Kwa hiyo mimi nikaacha shule. Hakuna aliyetamka kwamba nimeacha. Asubuhi ya kwanza Papa alikuwa Ubundu na mtu wa kumwachia Fidele hakuwepo, basi nikabaki. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Baada ya wiki, wasichana wa darasa langu waliokuwa wakinipitia mlangoni wakaacha kusimama. Waliniita wakipita, halafu wakaacha hata kuita. Niliwasikia nyayo na vicheko mpaka wanapokata kona, kisha barabara yote ikanyamaza, na siku ikabaki ndefu mbele yangu na mtoto aliyejua maneno kama kumi na tano, manne yakiwa ya chakula.

Nilikuwa mpweke, na nilijua. Watu husema mtoto hajui upweke, anajua michezo tu. Mimi nilijua kabisa. Nilikuwa najiuliza maswali kwa sauti ya sista na kujijibu kwa sauti yangu. Nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka nje ya jiko, peke yangu, nimenyoosha kidole juu. Treni ya Papa ikipiga honi mbali, nilikimbia kuwasha moto ingawa nilijua kwamba bado ana saa nzima ya kufika nyumbani. Alipofika alikuwa amechoka, alikula, aliuliza kama mtoto ameoga, akalala. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyefiwa, tena mwenye kazi, na maneno yake mengi yalibaki njiani huko kwenye reli.

Mapenzi yake yalikuwa kwenye sabuni. Papa aliamini usafi kama wengine wanavyoamini Misa. Ndiye aliyeleta kwetu miswaki miwili ya dukani na bomba la dawa ya meno, lile la bati laini, wakati majirani wengi bado wakisugua meno kwa kidole, majivu na chumvi. Aliliviringisha toka chini kwa ule ufunguo wa kopo la sardini ili lisibaki kitu ndani, na kuliweka juu ya kabati pamoja na kofia yake. Tulipewa kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Fidele aliipenda dawa ile kupita lituma. Aliimeza yote, akalamba mswaki, akafungua mdomo kuonyesha kwamba kumebaki safi.

Habari ya kutema ililetwa na fwaye. Hilo ndilo jina tulilolipa nyumba ambako akina mama walifundishwa kushona na kupiga pasi. Aliyeiongoza alikuwa Mzungu mmoja mrefu asiyeolewa, tuliyemwita Madamazeli, na msaidizi wake alikuwa Mama Antwaneti, mtu wa kwetu, mwenye kilemba kilichopigwa pasi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha watoto wadogo, wanaolelewa wakati mama zao wakishona. Papa alivaa koti akaenda kuomba Fidele apokelewe ingawa hana mama wa kushona. Akakubaliwa, kwa masharti. Mtoto awe anakula mwenyewe. Awe anaomba haja. Na awe anapiga mswaki na kutema povu kwenye beseni, kwa sababu watoto waliotangulia walikuwa wakimeza dawa ya meno na kuharisha, na Madamazeli alikuwa amechoka kufua.

Nilimpeleka mwenyewe, mwezi wa sita. Fidele alikula mwenyewe. Aliomba haja kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kisha akapewa mswaki, akapiga vizuri kuliko wenzake wote, akameza, na akafungua mdomo mbele ya Madamazeli akingojea sifa. Mama Antwaneti alicheka, Madamazeli hakucheka. Nimrudishe mwezi wa tisa, alisema Madamazeli, kabla shule hazijafunguliwa, na hiyo iwe mara ya mwisho kwa mwaka huo.

Jioni Papa aliniita. Kwa kawaida alizungumza nami akiwa anafanya jambo jingine, lakini siku hiyo aliweka kijiko chini.

"Vero, mutoto akijua kutema, weye unarudi ku masomo. Asipojua, unabakia naye paka mwaka ingine. Mi sina namna."

Ndipo nikaanza kazi. Nilikuwa na miezi mitatu, na mwanafunzi aliyefundishwa tangu kuzaliwa kwamba kutema ni matusi.

Nilianza na maji matupu. Nilijaza kikombe, nikasukutua, nikatema kwenye nyasi, nikampa. Akasukutua mashavu yakavimba, akatabasamu, akameza. Nilimnunia, akaona aibu, akarudia, akameza polepole zaidi. Nikaleta muwa, kwa maana ni nani anayemeza makapi ya muwa? Fidele alitafuna mpaka utamu ukaisha, kisha akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa makapi, akaniwekea kando kwa adabu ya mtu aliyealikwa. Nikaleta chungwa. Mbegu alizimeza zote, na mimi nikaishi kwa siku kadhaa nikingoja mti umwote tumboni.

Jirani yetu Mama Zaituni, Mwislamu aliyekuwa akikaanga mikate ya kuuza, alituonea huruma. Akasema nimlete Fidele wakati yeye anatia udhu, aone mtu mzima akisukutua na kutema mara tatu bila kumtukana yeyote. Tulikwenda kila adhuhuri, wiki nzima. Fidele alikaa karibu na birika akitazama bila kupepesa macho. Siku ya saba akataka maji yake. Akanawa mikono, akasukutua akameza, akasukutua akameza, akasukutua akameza, akavuta maji puani akapiga chafya, akanawa uso, akapangusa kichwa na masikio, akamalizia na miguu yote miwili, kulia kwanza. Mama Zaituni alisema mtoto huyu ameshika dini yote isipokuwa kutema. Papa aliposikia, alisema angalau miguu yake itakuwa safi.

Mnacheka, na mimi nacheka. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa nahesabu juma kwa juma. Nilimshika kidevu, nikambonyeza mashavu, nikampigia kelele, na yeye akanitazama kwa macho makubwa yenye heshima, akameza. Usiku nilisali ateme, na asubuhi alimeza. Nilianza kumchukia kidogo, nikamchukia zaidi aliponifuata kila mahali akiniita Yaya, Yaya, yaani dada mkubwa, kama kwamba sisi ni marafiki.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa nane. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini wasichana wa darasa langu walipita wote pamoja, wamevaa nguo za kanisani, wanakwenda kwenye mazoezi ya nyimbo kwa masista. Hata hawakugeuka. Papa alikuwa Ubundu siku ya tatu. Nilimpa Fidele mswaki wake, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, na machozi yakanitoka. Sikulia kwa sauti. Niliweka mikono mapajani na kuyaacha yateremke, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumficha.

Fidele aliacha kupiga mswaki. Akaja akasimama katikati ya magoti yangu, povu mpaka kidevuni. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza. Akainama, na akatema kwenye kiganja, pfu, pfu, povu lote. Kisha akanifunga vidole. Alianza na kidole kidogo, akapata tabu kwenye dole gumba.

Mimi niliruka. Nilipiga yowe mpaka Mama Zaituni akatoka na kijiko cha mafuta mkononi. Ametema, nilimwambia, ametema! Nilimbeba Fidele, nikazunguka naye ua mzima, nikacheza, yeye akacheka na povu lake. Halafu nikakimbilia kwenye pipa la maji, nikanawa, maana povu lilikuwa limeanza kukauka na kunata.

Kuanzia siku hiyo alitema kila asubuhi. Lakini alitema kwenye mkono wangu tu. Nilimwekea beseni, akalipita. Nilimwekea kopo, akalisogeza. Alisubiri, mashavu yamejaa, mpaka nimpe kiganja. Alitema pfu, pfu, akanung'unika maneno yake yasiyoeleweka, akafunga vidole. Niliona hilo ni jambo dogo. Nilipanga kwamba siku ya fwaye nitaweka mkono juu ya beseni, naye atatema, povu litadondoka, nani atajua. Kila asubuhi nilinyoosha mkono haraka haraka, nikaunawa haraka haraka, nikaendelea na kufagia. Tayari nilikuwa nimeshona kifungo cha sare yangu.

Siku ilipofika nilimvika Fidele shati jeupe na tukatoka mapema. Mlangoni Mama Antwaneti akaniambia nisubiri hapo hapo, watoto wanaingia peke yao. Hilo sikulipanga. Nilisimama kizingitini, mikono nyuma, na kutoka hapo niliona kila kitu. Meza ndefu, beseni jeupe, vikombe vya bati. Fidele akapewa mswaki. Akapiga mbele, akapiga nyuma, kama nilivyomfundisha. Mashavu yakajaa. Akatazama beseni, akatazama huku na huku akinitafuta, na mimi nikamwonyesha beseni kwa kidevu mpaka shingo ikauma.

Madamazeli alinyoosha mkono kupokea mswaki.

Fidele alimpa mswaki, akaushika mkono ule mweupe, akaugeuza. Alitema povu lote katikati ya kiganja, akasema maneno yake, na akaanza kufunga vidole. Vilikuwa virefu kuliko vyangu. Alifika cha tatu ndipo Madamazeli akautoa mkono wake kwa nguvu.

Kipande hiki ndicho wanangu wanachokipenda. Wananitaka niigize sura ya Madamazeli, nami huiigiza vizuri. Kwa kweli hakupiga kelele. Aligeuka mwekundu kuanzia shingoni, akaenda kunawa kwa sabuni, akanawa tena, akasema Kifaransa kirefu bila kututazama. Mama Antwaneti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akatafsiri, kwa ufupi sana, kwamba mtoto hajalelewa, arudi mwaka mwingine. Chumba kizima kilitutazama. Fidele alikuja mbio kwangu akiwa na furaha, akanishika sketi.

Mama Antwaneti alitusindikiza mpaka langoni. Hapo akasimama, akamtazama Fidele, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Ule mutoto hakutukana mutu. Alimubariki, mi niliona. Alors, kwa Madamazeli nitasema namna gani?"

Nilimsikia. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na mwaka wangu mzima ulikuwa umebaki mle ndani kwenye beseni lisilo na kitu. Sikujali nani kabarikiwa. Tulitembea mpaka kona, mahali ambapo watu wa fwaye hawatuoni, na hapo nikasimama, nikamgeuza Fidele anitazame, nikampiga mdomoni.

Hakulia. Ningependa kuwaambia alilia, maana ningembembeleza na ingeisha. Aliufunika mdomo wake kwa mikono yote miwili na akatembea hivyo mpaka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilimpa mswaki. Alipiga. Mashavu yakajaa. Kwa mazoea nilinyoosha mkono. Fidele aliutazama, akanipita, akaenda mpaka ukingo wa ua penye nyasi, akainama, akatema chini. Alitema vizuri, kwa umbali, kama mwanamume anayekwenda kazini. Akapangusa mdomo, akarudisha mswaki mahali pake.

Alikuwa amejua. Hilo ndilo nililolililia miezi mitatu. Siku ya tatu nikamrudisha fwaye bila kumwuliza Papa, nikamwomba Mama Antwaneti amjaribu kwa siri tu, aone. Sijui alimwambia nini Madamazeli. Najua kwamba alimwita, na Madamazeli akasimama mbali kidogo, mikono kifuani, na Fidele akatema kwenye beseni mbele yao mara mbili, ya pili bila kuombwa. Akapokelewa. Mimi nikaingia darasani wiki moja baada ya wenzangu.

Nilikuwa nimeifikiria siku ile kwa muda mrefu. Nilikaa kwenye dawati katikati ya wasichana wawili waliokuwa wakisimuliana mambo ya mwaka niliokosa, wakinipitia juu ya kichwa. Sista aliuliza swali ambalo nilijua jibu lake, nikanyoosha kidole, nikajibu, akasema vizuri. Hapakuwa na kilichonifurahisha. Jioni nilimchukua Fidele fwaye, akatembea mbele yangu akiimba wimbo wa Kifaransa nisioujua. Aliacha kuniita Yaya kila hatua. Alikuwa na wenzake wa kuwaita. Nilijiambia nimechoka, nitazoea, na nilizoea. Lakini upweke niliodhani uko kwenye ua wetu ulikwenda nami shule, ukakaa nami dawatini, na nimeishi nao miaka mingi, hata nikiwa na darasa la watoto hamsini mbele yangu.

Koko alifariki Isangi kabla sijamaliza shule ya msingi. Papa alizeeka na sabuni yake. Alitupenda, sina shaka, lakini hakuwa mtu wa kukushika mkono na kukutamkia jambo. Sikumbuki mtu mwingine aliyefanya hivyo tena, si siku ya kuolewa kwangu wala siku ya kwanza ya kufundisha, na katika siku hizo zote mbili nilijikuta nimesimama na viganja wazi, sijui nangoja nini.

Fidele yuko hai. Anaishi Kinshasa, ni mzee mwenye meno ya bandia, na mjukuu wake ndiye anayeyasugua. Mwaka jana nilimwuliza kwa simu kama anakumbuka fwaye. Akasema anakumbuka wimbo. Kama anakumbuka jiwe la kufulia? Hapana. Koko? Hapana, alikuwa mdogo mno. Nilitaka kumwomba msamaha kwa lile kofi, lakini utamwombaje mtu msamaha kwa jambo ambalo halimo kichwani mwake? Tukaongea habari ya mvua.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, tena ghafla, mwanangu wa kwanza alipokuwa na umri ule na mimi nikimfundisha kutema. Alitema ndani ya beseni siku ya kwanza tu, bila taabu yoyote, nami nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimekumbuka vidole. Mtu anayejifunza kupiga mswaki hamfungi mwenzake vidole. Mtoto yule hakuwa akijifunza chochote kutoka kwangu. Alimkuta dada yake analia peke yake, akatafuta katika kumbukumbu yake fupi ni nini hufanywa kwa mtu wa namna hiyo, akakumbuka alichotufanyia Koko, na akavunja sheria kubwa kuliko zote alizofundishwa ili anifanyie. Alinifanyia kesho yake, na siku iliyofuata, na kila asubuhi ya mwezi ule wote, akisema maneno ambayo sikuinama hata mara moja kuyasikiliza. Nilibarikiwa kila siku, mimi niliyedhani sina mtu, na kila siku nilikwenda mbio kwenye pipa nikanawa.